Tulikuwa Tunangojana

Mwaka 1972 nilikuwa na miaka kumi. Mwaka ule baba alifariki, na shida ikahamia kijijini kwetu Kitanga na mkeka wake. Darasa la tatu nikaliacha katikati, nikashika jembe. Nakwambia mapema ili usitafute maneno ya kisomi humu. Kusoma kwangu mpaka leo ni kwa kidole.

Juzi nilipita pale lilipokuwa kanisa letu la zamani. Pamelimwa muhogo. Nikasimama kwenye matuta na viatu vyangu vya mjini, na harufu ya maharage ya moto ikanijia, ingawa hapakuwa na moto wala chungu. Ndiyo, ndugu yangu, uzee una mambo.

Lilikuwa kanisa la miti na udongo, nyasi juu, na tulikaa kwenye magogo. Jumapili ya Meza ya Bwana kila nyumba ilileta chungu kimefunikwa jani la mgomba. Mzee wa kanisa alivichanganya vyungu kwa makusudi, mtu asijue kipi kimetoka kwa nani. Kuna siku mama yangu, mjane wa watoto watano, alileta majani ya maboga, maji na chumvi. Basi. Chungu chake kikakaa na vingine, jani juu. Siku hiyo tulikula kuku na bugali, ndio ugali wetu, na hakuna aliyetutazama mara mbili.

Ila hakuna aliyegusa kitu kabla wote hawajafika. Ng'ambo ya mto, upande wa nyumbani kwetu, aliishi jirani yetu, bibi mmoja mwenye mguu mbovu. Akianza kupanda kilima cha kanisa, anaanza kuimba. Hiyo ndiyo ilikuwa hodi yake. Yeye anaimba kule chini, sisi ndani tunaitikia, sauti inasogea, inasogea, mpaka wimbo na mwenyewe vinaingia mlangoni pamoja, jasho linamtiririka. "Mwakeye!" anasalimia, salamu ya asubuhi na jua liko utosini, na kanisa zima linacheka. Ndipo mkate unamegwa.

Nilikuwa na njaa, nisikudanganye. Siku moja nikanong'ona, "Mama, si tuanze tu? Huyu bibi kila siku anachelewa."

Mama akanifinya paja. "Mguu mbovu si dhambi. Nawe utazeeka. Meza ya Bwana haina mchelewaji, ina anayengojwa."

Nilikua. Nilibeba maharage kichwani mpaka soko la Manyovu, nikauza, nikarudi, nikabeba tena. Nimezoea kusema sikusaidiwa na mtu. Ni uongo, nimekula vyungu vya watu. Lakini nilipopata, niliwajengea kanisa la tofali kando ya barabara, kilima kile kile, bati la rangi, spika nne na kinanda. Kisha nikasimama kwenye kikao: "Ibada ianze saa tatu kamili, mlango ufungwe. Anayempenda Mungu ataamka mapema."

Mchungaji, kijana mpole, akakohoa, akanigeukia. "Mama, na wazee wetu je?"

"Wawahi. Mimi natoka Kasulu nawahi, wao wa hapa hapa washindwe?"

Wakapiga makofi. Nani angembishia mwenye bati?

Jumapili ya Meza iliyofuata nilikuwa kiti cha mbele, spika zinavuma mpaka madirisha yanatetemeka. Mama yangu alikuwa amezeeka, magoti yamekwisha. Nilikuwa nimemwambia nitamtumia gari, akakataa. Kanisani anakwenda kwa miguu yake. Nilijua anavyotembea. Hata hivyo sikugeuza shingo. Tukamega mkate, tukanywa, tukamaliza.

Mlango ulipofunguliwa nikamkuta ameketi kwenye ngazi, kanga imelowa umande, chungu chake pembeni, jani la mgomba juu. Vyungu tulishaviacha siku hizo, kila mtu anakula kwake. Hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Hakugomba. "Nimeimba tangu mtoni, mwanangu. Hapa mlangoni nikaimba mpaka ubeti wa tatu. Sikusikia wa kuitikia."

"Mama, ni zile spika…"

"Nimezisikia. Ni nzuri."

Nikalifunua lile jani. Maharage, yamepoa. Nikayala palepale kwenye ngazi, kwa mkono, watu wakinipita na kunishangaa. Yeye hakula. Hakurudi tena kanisani, na masika yale yale tukamzika.

Baada ya matanga nilifungua Biblia, nikasoma kwa kidole changu, pale Paulo anapowagombeza Wakorintho: kila mtu anakula chake, mwenye njaa anaachwa aone aibu. Mwisho anawaambia, mkikutana kula, ngojaneni. Neno dogo hivyo. Mama hakuwahi kulisoma, hakujua hata herufi, na alilishika maisha yake yote. Mimi nililijengea kuta nikalifungia nje.

Mlango sasa haufungwi, niliwakataza. Lakini wa kungojwa yuko wapi? Watu wanakuja na bodaboda, wanashukia mlangoni, wanaondoka kabla injini haijapoa. Jumapili nakaa karibu na mlango, nazima spika kidogo kabla ya mkate, nasikiliza upande wa mto. Kilima kimenyamaza.

Leo nina nyumba mbili Kasulu, mashine ya kusaga, fuso moja, ekari kumi na mbili za maharage na ng'ombe tisa. Nina chungu cha mama. Na ufunguo wa kanisa ninao mimi.