Jina Nililoliandika Mahali pa Baba

Tangazo lilisomwa siku ya Sabato, baada ya wimbo wa mwisho. Vijana sita wa kanisa letu wangeungana na wenzao wa Kisii mjini kwenda kwenye mkutano wa vijana huko Zambia wakati wa likizo ya Agosti, na mkutano ukiisha wangepelekwa kuyaona Maporomoko ya Victoria. Jina la nne lilikuwa la mdogo wangu. Aliwashinda wenzake wote katika kukariri maandiko, na hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yake: nauli, chakula na malazi, vyote vilikwisha kulipiwa na washiriki. Sisi tulitakiwa kuleta pasipoti tu.

Alikuwa na miaka kumi na sita. Mimi ndiye niliyemlea tangu akiwa na mitano. Baba yetu alitangulia, kisha mama, nami nikaacha shule nikiwa kidato cha pili kwa sababu kulikuwa na chai ya kuchumwa na mtoto wa kupikiwa uji. Kaka yetu wa katikati alienda Narok kuendesha trekta za watu, na huko ndiko aliko mpaka leo. Kwa hiyo nyumba yetu ya upande wa Nyamira, dakika chache kwa pikipiki kutoka Keroka, ilibaki ya wasichana wawili.

Wiki ile ya kwanza tulizungumza maji na maji tu. Alikuwa amesoma habari za maporomoko hayo kwenye simu ya mwalimu wa kwaya, na tukichuma chai alikuwa akinisimulia aliyoyakumbuka.

"Wenyeji wanayaita moshi unaonguruma," aliniambia. "Unayasikia kabla ya kuyaona. Na ukisimama karibu unalowa kama umenyeshewa."

"Kwani huko mwezi wa nane mvua inanyesha?"

"Si mvua, Dada. Ni maji yanayoruka kutoka chini."

"Maji yaanguke, halafu yarudi juu kukulowesha?"

"Ndiyo."

"Basi chukua nailoni yangu ya kujifunga nikichuma chai."

Alicheka mpaka akalazimika kutua kikapu. "Nisimame mbele ya wazungu na nailoni ya chai?"

"Watakuonea wivu. Wao watakuwa wamelowa."

Nilikuwa sijawahi kuona mtu wa kwetu akifanya mpango wa safari isiyo ya mazishi, ya hospitali wala ya kutafuta kazi. Nilimnunulia soksi Keroka. Nilimwuliza mama mmoja wa kanisani kama Zambia wanakula ugali, akaniambia wanakula kutushinda sisi, nikafurahi kana kwamba nimeambiwa habari za jamaa zangu. Tulienda akachomwa sindano ya homa ya manjano, akapewa kadi yake, akailaza ndani ya Biblia. Ilibaki pasipoti.

Karani wa pasipoti alikuwa kijana mpole. Alipokea karatasi zetu moja moja, akazipanga, kisha akakishika cheti cha kuzaliwa akakisoma polepole.

"Baba yuko wapi?"

"Alifariki," nikasema. "Mama pia. Cheti cha kifo cha mama hiki hapa."

"Cha mama nimekiona. Nauliza baba."

"Nimesema alifariki."

Alikigeuza cheti kunielekea, akaweka kidole juu ya jina. "Huyu amefariki?"

Huyo hakuwa amefariki. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimempita akimfungua ng'ombe wake. Alikuwa ndugu wa baba yetu.

Lazima nieleze, maana kosa lilikuwa langu. Mdogo wangu alipofika wakati wa kusajiliwa mtihani shuleni, hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Ili kukipata, nilitakiwa kupeleka kitambulisho cha mzazi. Cha mama kilikuwa kimeshakabidhiwa kwa serikali, na cha baba kilikuwa kimepotea. Mama alifia hospitalini, akaandikiwa karatasi zake zote. Baba alifia nyumbani, na siku zile hakuna aliyefikiria karatasi. Nikaenda kwa ndugu yake. Hakuuliza maswali mawili. Alivua kofia, akatoa kitambulisho kilichokuwa ndani yake, akanipa. Nikajaza fomu kwa mkono wangu, na mahali pa baba nikaandika jina lake.

Sikuona kwamba nimesema uongo. Kwetu, ndugu wa baba tunamwita Tata, neno lile lile tunalomwitia baba aliyetuzaa. Siku ya kumzika baba, kabla ya udongo kutiwa, mtu huyu alisimama kando ya kaburi mbele ya ukoo wote, akatuweka mbele yake mmoja mmoja, akasema, "Hawa ni wangu. Mwenye neno juu yao aje kwangu." Watu wakaitikia. Baada ya hapo, kumwandika mtu mwingine mahali pa baba ndiko kungekuwa uongo.

"Basi ni rahisi," karani alisema. "Baba aje na kitambulisho, aweke sahihi ya kumruhusu mtoto. Kwani wewe ni nani wake?"

"Dada yake. Mimi ndiye ninayemlea."

"Nimekuelewa, dada yangu. Lakini una karatasi yoyote inayosema hivyo?"

Sikuwa nayo. Nilikuwa na mikono miwili, na nikaiondoa mezani.

Tulirudi tukiwa na moyo mzuri bado. Tata alikuwa ameshatoa kitambulisho mara moja bila maneno. Angekitoa mara ya pili. Nilimkuta nyuma ya nyumba akikata majani ya ndizi. Mdogo wangu alibaki njiani kwa heshima. Nikamwelezea Tata yote: mkutano, basi, maporomoko, sahihi.

"Pasipoti," akasema.

"Ndiyo, Tata."

"Hapana."

Nilidhani anatania. Huyu ni mtu wa kutania. "Ni siku kumi na mbili tu, Tata. Wanaenda na mwalimu."

"Na yule wangu alienda na nani? Si alienda na wakala aliyevaa tai?"

Hapo nikajua tulipofika. Mtoto wake wa kiume alikwenda Uarabuni kufanya kazi ya udereva. Tata mwenyewe alimsindikiza hadi Masimba akapanda gari. Alipiga simu miezi michache, kisha simu ikawa haipatikani, na mpaka sasa haipatikani. Tata hubeba simu yake kanisani, shambani na chooni, na ikikaribia kuzima huacha kazi yoyote akaenda kuichaji kwa jirani.

"Hiki si kitu cha kazi, Tata. Wanaenda kuimba na kuona maji."

"Maji!" Akatupa panga kwenye majani. "Mto Gucha hauna maji? Aende Gucha aone maji, arudi jioni ale."

"Tata, tafadhali."

"Wewe uliniandika baba?"

"Nilikuandika."

"Uliniandika ukiwa na akili zako?"

"Ndiyo, Tata."

"Basi baba amekataa. Ama mimi ni baba wa karatasi, nikihitajika natolewa kwenye kofia?"

Nilienda kwake mara tatu zaidi. Mara ya pili nilimpeleka mzee wa kanisa, wakaongea habari za mbolea, na mzee akaaga bila kugusa jambo lililomleta. Mara ya tatu Tata alinikaribisha maziwa, nikanywa, akanisindikiza hadi njiani, na kila nilipofungua mdomo aliniuliza ng'ombe wangu anaendeleaje. Mara ya nne alikuwa ndani. Nilimsikia akikohoa, lakini hakuitikia hodi. Mtu akikukasirikia unaweza kungoja hasira ipoe. Huyu hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa, na mimi sikuwa na kitu cha kumpa mtu anayeogopa hivyo. Ningemwambia nini, kwamba kila anayeondoka hurudi?

Siku za kupeleka maombi zilikuwa zinakwisha. Mwanamke anayechapa barua karibu na ofisi za serikali alinisikiliza, akaniambia kuna njia. Ningekula kiapo kwamba mtu aliyeandikwa kwenye cheti si baba wa mtoto, kwamba nilimwandika kwa makosa, kisha nianze kuomba kutambuliwa kisheria kuwa mlezi.

"Ndani ya wiki mbili itakuwa tayari?"

"Kiapo, leo hii. Hayo mengine siwezi kukudanganya."

Alinichapia. Karatasi ilitoka ikiwa bado na joto. Ilisema mimi, mtu mzima mwenye akili timamu, natamka kwamba fulani si baba wa mtoto huyu na hajawahi kuwa. Nikaombwa niende mbele ya wakili niweke sahihi. Nilikaa kwenye benchi nikaisoma mpaka watu waliokuja baada yangu wakamaliza shughuli zao wakaenda. Niliwaza kaburi la baba na yule mtu aliyesimama kando yake. Nikaikunja nikarudi nayo nyumbani.

Sikumficha mdogo wangu. Alikuwa akiosha masufuria. Niliiweka karatasi juu ya meza, akajifuta mikono, akaisoma yote akiwa amesimama.

"Kwa nini hukuweka sahihi?"

"Inasema hajawahi kuwa."

"Si ni kweli? Si baba yetu alikufa?"

"Unajua maana yake kwetu. Siku akiisikia hii..."

"Nani atamsomea? Ungeapa, Dada."

"Na hata ningeapa, yule mama amesema hayo mengine yanachukua muda."

"Ungeapa tu," akasema. "Ungejaribu. Wewe hujaribu vitu vyangu, unajaribu vya ukoo."

Sijawahi kupigwa na mtu maishani mwangu isipokuwa mwalimu, lakini nilikaa chini kama niliyepigwa. Nilitaka kumwambia kwamba kwa miaka kumi na moja sijajaribu kitu kingine ila vyake. Lakini angeniuliza karatasi inayosema hivyo iko wapi, kama karani, na angekuwa na haki. Alirudi kwenye masufuria. Nilingoja alie, niwe na kazi ya kumbembeleza, lakini hakulia, akayasugua mpaka yote yakang'aa, hata lile bovu.

Siku ya mwisho ilipita kama siku nyingine. Mwalimu wa kwaya alinipigia simu, akasema pole, akasema nafasi itajazwa na msichana aliyekuwa wa pili. Nikamshukuru. Sijui nilimshukuru kwa nini.

Asubuhi ya safari tulikuwa shambani mapema. Basi liliondoka Kisii saa kumi na mbili na wote wawili tulijua, lakini hatukulitaja. Mdogo wangu alichuma mstari wa chini, mimi wa juu. Kwa kawaida yeye ni mchumaji safi: majani mawili na kichipukizi, hapotezi. Siku hiyo alikuwa anang'oa chochote mkono ulichokamata, majani makongwe, vijiti, na nilijua vizuri kwamba kwenye kituo cha kupimia wangeyamwaga yote chini tuyachague upya mbele za watu. Nikaendelea na mstari wangu.

Kama saa tatu hivi nilimwona Tata akishuka kijia cha shamba. Alikuwa amevaa koti lake la harusi na mazishi na viatu vilivyopakwa rangi. Alikuja mpaka ilipoanza chai, akatusalimia, tukamwitikia, akavua kofia akatoa kitambulisho.

"Nimefikiria," akasema. "Msinikatize. Nimefikiria kwamba yule wangu alikwenda peke yake. Huyu anaenda na kanisa. Hilo ni jambo tofauti. Kwa hiyo jana jioni nilienda kwa mwalimu wa kwaya nimwulize kama kuna mtu mzima atakayeshika pasipoti zao zote mahali pamoja, wasinyang'anywe na mtu. Sikumpata. Mke wake alisema ameenda Kisii mjini, atalala huko. Lakini si neno. Twendeni tuweke sahihi, tutamwuliza akirudi."

Nilimtazama mdogo wangu. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya majani.

"Alilala huko kwa sababu ya basi la asubuhi, Tata," akasema. "Wameshaondoka. Wote."

"Wameondoka kwenda wapi?"

"Zambia."

"Si mlisema mwezi wa nane?"

"Huu ndio mwezi wa nane."

Tata alitazama kitambulisho, kisha akanitazama mimi, kama mtu anayengoja asahihishwe. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba yetu, mwenye kutafuta namna ya kila jambo, na sikuwa na namna. Nilisema, "Ni kweli, Tata."

Mahali fulani upande wa barabara kuu lori lilikuwa linapanda mlima kwa gia ya chini, na tulilisikiliza mpaka likaisha.

"Hata hivyo twende," akasema. "Niliandikwa, na sahihi niweke."

"Ya kwenda wapi sasa?" mdogo wangu akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Nilisema kwamba chai iliyochumwa haiwezi kulala, tukiiacha itaungua ndani ya vikapu. Tata akasema anajua chai, asifundishwe chai. Akatafuta jiwe, akakunja pindo za koti lisishike udongo, akaketi na kitambulisho mkononi, akasema atangoja tumalize. Mstari uliobaki ulikuwa mrefu, na mdogo wangu aliendelea kuchuma kwa mwendo ule ule.