Kofia ya Shemeji

Kabla hajagusa mashine ya kunyolea, kinyozi anapiga magoti. Chini ya meza ya mafuta na brashi, karibu na dirisha, kuna betri kubwa ndani ya boksi la plastiki. Anaifuta vumbi, anakaza nyaya, anafungua vifuniko kimoja kimoja na kuchungulia kama maji bado yamefunika sahani za ndani.

"Mtoto akiumwa analia," anasema. "Huyu halii, siku moja anazima tu. Kwa hiyo lazima umchungulie."

Mtaa mzima unamwita Nusu Kichwa. Jina hilo alilipata miaka sita iliyopita, asubuhi ya harusi ya shemeji yake, kaka wa mkewe. Umeme ulikatika, akawasha betri yake ya miezi michache tu kwa maringo, na muda si muda mashine ikanyamaza. Upande wa kulia wa bwana harusi ulikuwa umeshanyolewa. Wa kushoto, msitu.

"Nikamwomba nimalizie kwa wembe. Akasema siku ya harusi yake hataki damu. Akachukua kofia, akaondoka."

Kwenye picha zote za harusi shemeji ana kofia, na tangu siku hiyo hajakalia tena kiti hiki. Anakuja, anakunywa chai na dada yake, ambaye anashona nguo kwenye kona ya chumba hikihiki, halafu anakwenda kunyolewa kwingine.

"Utani tunataniana," anasema kinyozi. "Lakini kiti changu anakipita. Inaniuma, nisikudanganye."

Kosa lilianzia dukani. Alitaka betri nzito, akauziwa ya gari, na akiba ya mwaka mzima ikaenda na maji. Betri ya gari kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa mkupuo, injini iwake, basi. Yeye aliinyonya kutwa mpaka ikauke, na maji yakipungua anajazia ya bomba. Haikumaliza mwaka.

Siku hizi ana betri ya sola, iliyotengenezwa kutoa umeme polepole kwa saa nyingi, na mashine inatumia hiyo hata umeme ukiwepo. Anaiongezea maji ya betri tu, yale ya chupa. Kipimo kikionyesha imebaki nusu, anaacha kunyoa, hata foleni iwe imefika barabarani.

"Wanasema naringa. Waseme. Sianzi kichwa nisichoweza kukimaliza."

"Hata simu yangu hataki niichaji hapo," anadakia mkewe, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Mke mwenzangu huyo."

Mchana, shemeji anaingia. Kesho anapigwa picha ya kitambulisho cha kazi mpya, na kinyozi wake wa siku zote hana umeme tangu jana.

"Kofia hawaruhusu," anasema, bila kumtazama mtu.

Kinyozi anapiga magoti, anatazama kipimo, anainuka na kukung'uta kitambaa. Shemeji anakaa, kofia ameiweka mapajani na kuishika kwa mikono miwili.

Wanaongea habari za watoto. Kichwa kikiwa kimefika nusu, feni ya ukutani inapunguza mwendo, kisha inasimama. Redio ya jirani inanyamaza. Mke wa kinyozi anaacha kushona. Mashine inaendelea kunguruma vilevile, na kinyozi hainui macho.

Anapomaliza, shemeji anajitazama kwenye kioo, kulia, kushoto. Ndipo anapoiona feni.

"Umeme umekatika saa ngapi?"

"Ulipokuwa unanisimulia habari za mwanao mkubwa."

Shemeji anacheka mpaka anashika meza. Kinyozi naye anacheka, huku anapangusa macho kwa kona ya kitambaa.

Anapanga kununua betri ya pili, foleni ipungue manung'uniko. Jina la Nusu Kichwa anasema wampe tu, ameshalizoea.

Shemeji ameshafika barabarani dada yake anapoiona kofia imebaki kwenye kiti. Anamwita kutoka dirishani.

"Iache hapohapo," anajibu kaka yake. "Nitaichukua nikija kunyoa mwezi ujao."