Kupiga Magoti kwa Goti la Chuma

Kwa miaka mingi nimekana kwamba napenda kupiga magoti. Nikiwa hapa Mbeya na wenzangu niliosoma nao chuo kikuu, mazungumzo yakifika kwenye mila za ukweni, nilikuwa natoa sura ya mtu anayevumilia. Nilisema hayo ni mambo ya Igowole, kule Mufindi kwao mume wangu, nashuka tu ili siku ipite. Niliwahi hata kuandika makala nikiuliza kwa nini mwanamke ndiye ashuke. Makala ilisifiwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nashuka vizuri, nilijua kwamba nashuka vizuri, na safari nzima ya kwenda Mufindi nilikuwa naisubiri dakika hiyo.

Ilianza siku nilipopelekwa kutambulishwa. Shangazi wa mume wangu alikuwa ametangaza jikoni kwamba msomi wa Mbeya atasalimia kwa kutikisa kichwa kama karani. Nikaingia, nikashuka magoti yote mawili mpaka chini, mgongo umenyooka, nikasema "kamwene", salamu ya kwao, kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi bafuni. Mama mkwe akaniangalia, halafu akamwangalia shangazi. Sijawahi kupata cheti kilichonifurahisha kama yale macho.

Basi goti la kulia lilipoharibika, daktari akanionyesha kwenye picha ya eksirei jinsi mifupa inavyosagana, akasema kilichobaki ni kuweka goti bandia. Nilikuwa na swali moja tu. Akanijibu kwamba nitatembea, nitapanda ngazi, nitalala bila kuamshwa na maumivu, lakini kupiga magoti nisikutegemee. Wengine huweza kidogo, wengi hawapendi tena. Akauliza kama kazi yangu inahitaji kupiga magoti. Nikasema hapana, naandika.

Nikajiunga na kundi la WhatsApp la wagonjwa wa magoti na nyonga wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Waliokwisha kufanyiwa upasuaji hujiita watu wa chuma. Sisi tunaosubiri ni watu wa mafuta, kwa sababu ya yale tunayojipaka. Niliingia na kiburi changu cha shule, nikitegemea kukuta uongo wa kusahihisha. Alikuwapo kweli mmoja aliyeuza unga wa kuotesha mifupa, lakini wanakundi walimfukuza kabla sijamaliza kupanga hoja zangu. Wanaume waliuliza kuhusu pikipiki na bia. Kuna aliyeuliza kama baridi ya Julai haigandishi chuma mguuni, na mwalimu mstaafu wa Iringa mjini akamjibu kwamba mguu una damu, si bomba la uani. Watu walituma picha za makovu yao, na wengine wakazipongeza kama picha za watoto wachanga.

Lakini wanawake, mmoja baada ya mwingine, waliuliza lile langu. Nitasalimiaje? Mama mmoja anayeuza vitenge Mbalizi, mtu wa chuma, mwenye sauti ya kuita wateja ng'ambo ya barabara, alisema siku hizi anaswali akiwa ameketi kitini na Mungu hajalalamika, aliyelalamika ni wifi yake. Tukacheka. Kisha akanigeukia.

"Na wewe dada mwandishi, mbona unasoma tu husemi? Unaogopa kisu?"

Nikabonyeza kitufe, nikarekodi. Nilisema kisu sikiogopi. Nilisema huko Igowole nina mama mkwe ambaye sijawahi kumsalimia nimesimama, na nikishindwa kushuka mbele yake sijui nitakuwa nani pale nyumbani kwake. Nilisema afadhali niendelee na mafuta. Ilikuwa sauti ndefu, na mwishoni ilitetemeka kidogo, jambo ambalo katika makala ningelifuta.

Kundi likachachamaa. Mmoja akaniambia mila haitanipandia ngazi. Mwingine akasema hayo ni rahisi kuyasema kwa mtu ambaye mkwe wake anaishi mbali. Yeye wake yuko chumba cha pili. Mwalimu mstaafu akakiri kwamba ametembelea goti la chuma muda mrefu na hajawahi kuliwaza suala hilo, maana yeye ndiye anayesalimiwa. Mama wa Mbalizi akamwambia basi aliwaze leo, tutamsubiri. Nilijivuna kuwa mmoja wao. Walibishana kwa uwazi ambao mimi, na makala yangu iliyosifiwa, sikuwahi kuuthubutu.

Nilichosahau ni kwamba sauti ya WhatsApp ina miguu mizima kuliko yangu. Mmoja wa wanakundi anaimba kwaya Igowole. Kesho yake asubuhi simu ikaita. Alikuwa mama mkwe, ambaye kwa kawaida hupigiwa, hapigi.

Nikamwamkia. Akaitikia, akasema ameletewa sauti yangu kanisani na ameisikiliza yote, kisha akaomba irudiwe. Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza.

"Hilo goti lako nalijua zamani," akasema. "Wewe unadhani nakuangalia ukishuka tu. Ukishuka nafurahi, ndiyo. Lakini na kuinuka nakuona. Unashika mlango, unauma meno, halafu unacheka. Mimi nimekaa pale naumia. Nilikuwa nasubiri useme, mwanangu."

Nikamwambia daktari amesema nisitegemee kushuka tena.

"Nenda ukafanyiwe. Ukipona uje unisalimie umesimama, na mimi nitasimama. Atakayeguna aje agunie kwangu."

Nikasema ahsante, mama. Nilidhani amemaliza. Akauliza kama ni kweli humo kundini wamo wanawake wengine wanaokataa kupasuliwa kwa ajili ya wakwe zao. Nikamwambia wamo, tena si wachache. Nikamsikia anasafisha koo kama mtu anayesimama mbele ya mkutano.

"Basi rekodi," akasema. "Niseme tena polepole, wakawasikilizishe wakwe zao."