Bandeji za Video ku Uso wa Shemeji

Batu ya Butembo bangali bananiita Docteur mpaka leo, na kila mara haya inanipanda mpaka ku masikio, nimechoka, kweli nimechoka, donc acheni nieleze mwenyewe mbele wengine baongeze chumvi. Ile miaka ya vita kazi yangu ilikuwa kufasiria batu série ya hospitali, filamu ya vipande vingi, mu nyumba ya video: sauti ya kaseti Kifaransa, mimi kando ya televizio na Kiswahili yangu, nasema maneno ya docteur, na jina ikanibakia. (Penye sikusikia, nilibuni.) Mu série, mutu akivunjika uso banamuviringisha bandeji kichwa muzima, analala chali, muke analia, na kisha ya siku mbili banafungua: uso safi, hata alama moja hapana!

Basi, asubuhi moja Kambale, kaka ya bibi yangu Masika, alikuwa anateremuka na chukudu yake, ile kinga kubwa ya miti ya kubebea mizigo, magunia ya viazi ya Kirumba juu, frein, ni kusema breki, ikakatika, akagonga ukuta ya duka ku soko na uso. Taya ikaenda pembeni. Soko yote ikakusanyika, mimi na Masika pia, mutu akapaza sauti: «Docteur iko hapa!»

Ningesema tu, mimi ni mufasiri, tumupeleke hospitali. Mais na macho yote ile juu yangu? Nikaomba bandeji, nikamulalisha chali, nikaviringisha, nikakaza, nikatangaza na sauti yangu ya video: «Siku mbili tu, atapona!» Kambale akaanza kupiga miguu. Nikasema ni maumivu.

«Maumivu gani? Kaka yangu hapumui!» Masika akalia.

Infirmière mumoja muzee, muuguzi wa hospitali, alikuja kununua poireaux, ile vitunguu ya majani, akatupa kitunga, akakata bandeji na kisu, akamuikalisha, akamuinamisha mbele. Damu na meno mbili ikatoka, kisha pumzi. Mungu wangu, ile pumzi!

«Taya ikivunjika, damu inashuka mu koo! Nani alikufundisha kumulalisha chali?»

«Video, mama.»

Soko yote ilicheka, mimi nilitamani udongo inimeze.

Ku hospitali balifunga meno yake na waya, wiki sita, bouillie tu, uji mwepesi, anaivuta na kamupira kadogo, na uso ingali inaelekea kushoto. Siku ya kukata waya familia yote tulikuwa pale, tunangoja neno yake ya kwanza. Kambale akaniangalia mimi.

«Shemeji,» akasema polepole, «nikianguka tena, uniache chini.»

Nilimuapia. Leo mutu akianguka, naita infirmière, kisha nasimama mbali, mikono mu mifuko.