Dobi aliyekataliwa na mashine ya vidole

Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Katika dirisha la tatu la uhamiaji, dobi wa miaka hamsini na nne anaweka vidole vinne vya mkono wa kulia juu ya kioo cha kijani. Anasubiri. Taa nyekundu inawaka.

"Rudia, mama," anasema afisa wa dirishani, msichana mwenye sauti ya upole. "Kandamiza kidogo."

Anakandamiza. Nyekundu tena.

Mlango wa ndege yake unafungwa saa nne na robo. Ni safari yake ya kwanza nje ya nchi, saa kumi na tisa, ndege mbili. Binti yake wa pekee anatarajiwa kujifungua wiki ijayo, na tiketi ni ya aina isiyobadilishwa wala kurudishwa.

Mtaani kwao anaitwa Mama Pasi. Kwa miaka ishirini na saba amefua kwa mkono shuka za nyumba tatu za wageni, wastani wa shuka sitini kwa siku, kwa sabuni ya unga na dawa ya madoa. Ncha za vidole vyake zimelainika kama karatasi, alama zimefutika.

"Simu niliyoletewa na binti yangu nayo haikunitambua," anasema. "Nikajua ni mbovu."

Asubuhi ilishaanza na vituko. Kwenye mizani, sanduku lake lilizidi kilo mbili. Alilifungua mbele za watu akatoa pasi yake ya kunyooshea nguo, na mumewe akaondoka nayo kwapani.

"Nilimwambia huko pasi zipo," mume alisema kabla ya kuagana. "Akaniuliza, umeziona?"

Afisa anamwomba asimame pembeni apumzike kidogo, kisha arudi. Mama Pasi hapumziki. Anakwenda msalani, anasugua vidole kwa sabuni, anarudi. Nyekundu. Anakwenda tena. Safari ya tatu anarudi vidole vimekunjamana, na saa inasema tatu na dakika arobaini.

"Mama, unafanya nini huko?"

"Naosha, mwanangu. Nimesugua mpaka kucha."

"Kumbe! Ndiyo maana!"

Abiria wa nyuma yake, mwanamume mwenye kofia, anachungulia. "Mama, hivyo vidole si vya kupimwa, ni vya kuanikwa."

"Na huo mdomo wako unataka dawa ya madoa," anajibu Mama Pasi, na foleni nzima inacheka, yeye wa kwanza.

Baadaye anaeleza bila kujitetea: "Kazi yangu ndivyo ilivyonifundisha. Kitu kikikataa, kirudishe majini."

Anayemaliza shughuli ni mkuu wa zamu, mwanamke wa makamo mwenye miwani. Anamkausha vidole kwa karatasi, kisha anamwambia avipanguse kwenye paji la uso, vipate tena mafuta yaliyoondolewa na sabuni.

"Uso wangu una mafuta gani?"

"Dada yangu, hakuna anayesimama foleni hii nusu saa asing'ae."

Mara ya kwanza, nyekundu. Mara ya pili, kijani. Ni saa nne kasoro dakika nane.

Mhuri unagongwa. Mama Pasi haifungi pasipoti. Anaishika wazi, akiipuliza, mpaka aridhike kwamba wino umekauka na hautahamia ukurasa wa pili. Ndipo mkuu wa zamu anapomwambia kwamba atakakoshukia kuna mashine nyingine ya namna ile ile.

Katika ukumbi wa kusubiria amepata kiti kando ya kioo, anakoiona ndege yake yote, mkia hadi pua. Ameletewa chai na kuinywa ingali moto, jambo ambalo saa hizi za asubuhi halimtokei. Dukani amenunua kopo la mafuta ya mgando. Amejipaka, na mikono ameilaza mapajani, viganja juu.

Mpango wake ni kukaa kwa bintiye miezi sita.

"Nepi za mjukuu nitafua mimi, na hilo hatubishani," anasema abiria wa kwanza wakianza kuitwa. "Lakini mpaka nivuke dirisha la huko, maji nitayanywa tu."