Feni Yangu ya Friji Mbele ya Wakwe wa Longisa

Aibu hii nilijiletea mwenyewe, hakuna mtu aliniroga, na mpaka leo nikiona feni inazunguka naangalia kando.

Miaka ya tisini hivi mzee wangu alinunua karavani kuukuu kwa mzungu aliyekuwa anahama mashamba ya chai, nyumba ya bati yenye magurudumu isiyoenda popote, kuku wanataga chini yake, na ndani iko friji ndogo ya gesi, juu inagandisha, chini maziwa inachemka. Fundi wa Sosiot akasema hewa ya ndani haitembei, inataka feni. Nikamwambia hiyo nitatengeneza mwenyewe (darasa la pili nilitoroka, lakini mdomo ulifika fomu foo). Nikang'oa mota ya redio kaseti iliyokufa, nikakata mapanga kwa kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia. Betri za tochi zikaizungusha kama mzee bila meno anatafuna nyama, basi nikaifunga ndani ya friji, nikaleta betri ya trekta.

Siku yenyewe watu wa Longisa wanakuja kumposa binti yangu Chepkoech. Jirani yangu Mama Kibet akaona napanga vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kuganda, ndani ya friji, akaniuliza, "Mursik ya kibuyu inataka friji tangu lini?" Nikamwambia wivu itamuua. Chepkoech naye akaniomba, "Mama, leo tafadhali usitufanyie maajabu."

Sasa nilikuwa nimesaga mkaa wa kupaka ndani ya vibuyu, sahani nzima ikabaki, nikasikia wageni wako kwa geti, nikaisukuma ndani ya friji, pale pale mbele ya feni, nikafunga, nikasahau.

Maneno ikaenda vizuri, wazee wakakubaliana, tukawapaka wageni siagi kichwani na usoni vile desturi inataka, wakang'aa. Ilibaki kunywa maziwa tu. Si ningetoa kibuyu nikanyamaza? Hapana, mimi nataka sifa, nikaita mama ya kijana na mjomba wake waje kwa karavani waone friji ya kisasa. Nikafungua mlango mbele ya uso wao, nikagusisha waya kwa betri.

Mkaa wote ukatoka. Na siagi haiachi kitu, inashika. Mama ya kijana alibaki macho na meno, amesimama tu, na nyuma yangu nikasikia Chepkoech ameanza kulia, kwa sababu wakwe wakiondoka bila kunywa, hakuna harusi.

Mjomba akajipangusa, akaharibu zaidi. Akasema pole pole, "Mama Chepkoech, kwetu mkaa tunapaka kibuyu, hatupaki wageni." Nikatafuta shimo, hakuna. Halafu akamwangalia dada yake, akamwambia, "Lakini sisi tumeshapakwa. Wamimine maziwa basi."

Huyo mama akacheka mpaka akashikilia mlango, wakanywa vile vile weusi, harusi ikafanyika.

Ile feni niliwapatia kuku. Mursik yangu inakaa chini ya kitanda, na Mama Kibet (bado hajafa na wivu) akija namimina nikiwa nimenyamaza.