Upande wa Nyuma wa Kitambaa

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Mama alisema hata nikiwa kwenye mbeleko nilimpiga mateke mgongoni njia nzima ya shamba, na nikishushwa chini nililia nibebwe tena.

Nilipofika darasa la saba, miaka ile ya Ujamaa, shule yetu ya Lushoto ilitufundisha kazi za mikono kwa bidii ileile ya hesabu. Elimu ya kujitegemea, tuliambiwa. Nilianza kila kitu, nisimalize karibu chochote. Nilifinyanga chungu, kikapasuka kwa sababu nilikitia motoni kabla hakijakauka. Nilichonga chapa kwa viazi mviringo, nikapiga rangi nusu ya kitambaa, nusu ya pili nikaichoka. Kitu pekee kilichonishika ni gazeti la ukutani. Kila Jumatatu tulibandika karatasi kubwa kando ya mlango wa ofisi, na mimi nilikuwa mchoraji. Wenzangu walichora jembe na mwenge. Mimi nilichora basi la Mombo.

Basi lile lilipita chini ya shule kila asubuhi, likishuka kona baada ya kona kwenda tambarare, nami nililitamani kila lilipopita. Nilitaka kwenda sekondari. Kusema kweli sikujua ningesoma nini huko. Nilijua tu kwamba sekondari yoyote ilikuwa mwisho wa barabara ile.

Muhula wa mwisho kila msichana aliamriwa kudarizi kitambaa cha meza, kionyeshwe siku ya wazazi. Maua, alisema mwalimu wa kazi za mikono, mama mmoja mkali aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Nyuzi zilikuwa adimu madukani, kwa hiyo nilifumua mkono mmoja wa sweta langu la zamani, jekundu, nikadarizi basi. Nililimaliza kwa siku nne. Wenzangu walikuwa bado kwenye jani la kwanza.

"Hili ni ua gani?" mwalimu akauliza.

"Ni basi, mwalimu."

"Nani atakunywa chai juu ya basi?"

"Abiria, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko, nami nikalima matuta mawili ya kabichi za shule. Lakini kabla ya kunipa jembe alikigeuza kitambaa. Kwetu kitambaa hakihukumiwi kwa mbele. Bibi harusi akiwasili na vitambaa vyake, wanawake wa upande wa mume huvigeuza kwanza, ndipo wavisifu. Nyuma kukiwa safi, mke ni mvumilivu. Nyuma ya changu kulikuwa na vifundo vitupu, na nyuzi zilizoruka kutoka gurudumu hadi gurudumu bila kukatwa.

"Mbele umechora," alisema. "Nyuma umekimbia. Fumua, uanze upya. Haraka haraka haina baraka."

Sikufumua; nilikipeleka nyumbani vilevile. Aliyetunga methali hiyo, nilijiambia, hakuwahi kudarizi huku akisikia honi ya basi.

Mtihani ukapita, tukarudi nyumbani kungoja majibu. Kungoja kulinitesa kuliko mtihani. Nilipalilia nikiangalia barabara, nikachota maji yasiyohitajika ili nipite karibu na ofisi ya shule. Nilikuwa na miaka kumi na saba, kwani nilichelewa kuanza shule, na umri huo majirani waliujua vizuri kuliko mimi. Ndipo baba akaniambia kwamba Jumamosi watakuja wanawake wawili kutoka Kwai, shangazi wa kijana fulani na jirani yake, kuniangalia kabla wanaume hawajaleta posa.

"Wana ng'ombe wa maziwa," alisema, kama vile hapo mazungumzo yamekwisha.

Nilimfuata mama jikoni. "Na majibu yakitoka?"

"Nenda katwange mahindi," akajibu.

Jumamosi baba alikuwa kwenye mkutano wa kijiji. Wageni waliingia na baridi yao, wakatuamkia kwa Kishambaa, "Onga mshi," nami nikapiga goti na kutoa shikamoo mbili. Nilipoleta chai nilishtuka. Mezani, badala ya vitambaa vya mama vya harusi, vyenye maua yasiyo na kasoro, palitandikwa basi langu.

"Ala! Hili si basi la Mombo?" shangazi wa kijana akasema. "Hata moshi umeutia!"

Nikavimba kichwa, nikasahau walichokuja kutafuta. Kisha akasogeza kikombe chake kando, akainua pembe ya kitambaa, akaigeuza. Akamwonyesha mwenzake. Walinong'ona kwa Kishambaa, kana kwamba mimi ni mgeni wa lugha hiyo: mkono huu, alisema shangazi, hautapalilia mstari mmoja ukaufikisha mwisho.

Nilichemka. Mpwa wake sikumtaka, Mungu shahidi. Lakini kazi yangu nilitaka isifiwe.

"Shangazi, chai hunywewa upande wa mbele," nikasema.

Mama alipaswa kunifinya. Hakuinua macho kutoka kwenye kikombe chake.

"Binti hajatulia bado," mgeni akamwambia mama kwa upole wa kuudhi. "Tumpe mwaka. Mwaka kesho tutarudi."

"Mwaka kesho hatakuwepo, dada."

"Atakuwa wapi?"

"Shuleni. Karibuni viazi, visije vikapoa."

Walikula kidogo, wakaaga. Walipopotea kwenye ukungu nililivamia lile basi, nikaanza kulifumua kwa meno, huku nikilia kwa hasira. Majibu yalikuwa bado hayajatoka. Mama alikuwa amewafungia mlango watu wenye ng'ombe wa maziwa bila kujua kama mimi nina pa kwenda, na baba alikuwa njiani kurudi. Nilimwuliza tutamwambia nini.

"Baba yako niachie mimi."

"Lakini kwa nini ulitandika hiki? Vyako vizuri vipo sandukuni."

Akaninyang'anya kitambaa, akakung'uta makombo ya viazi, akakikunja.

"Asubuhi nilikigeuza mimi kwanza," akasema. "Nikaona kinafaa."